Feni ya Oveni ya Mama

Kila siku akitoka shule, Kijiko aliingilia mlango wa nyuma, maana mlango wa mbele ulikuwa wa wateja. Alitundika mkoba kwenye msumari, akanawa mikono mpaka viwikoni, kisha akavuta kigoda na kuanza kazi yake ya kupaka mafuta mabati ya mikate. Jina lake halisi lilikuwa la shuleni tu. Nyumbani na mtaani kote aliitwa Kijiko, kwa sababu alipokuwa mdogo hakukubali kuachia kijiko cha kukorogea keki mpaka akilambe king'ae kama kimeoshwa.

Nyumba ile ilikuwa na watu wawili tu, yeye na mama yake mdogo, lakini kuanzia alasiri ungedhani jikoni kuna harusi. Aliyefuata mkate alikaa, aliyekuja kuuliza bei alikaa, na Mama Redio, jirani wa ukuta kwa ukuta, alikaa bila sababu yoyote. Jina hilo hakupewa bure. Ukitaka jambo lako lifike mwisho wa mtaa kabla chai haijapoa, mnong'oneze Mama Redio, halafu umwombe sana asimwambie mtu.

Katikati ya zogo hilo ilisimama oveni. Ilikuwa ya mama. Mama ndiye aliyeinunua, imetumika lakini nzima, na ndiye aliyeanzisha kazi ya mikate baada ya baba kufariki. Lakini mikate peke yake haikutosha wakati ule, kwa hiyo mama akachukua mkataba wa kazi za ndani katika nchi nyingine. Sasa alikuwa huko, akiwaamsha watoto wa watu na kuwafunga kamba za viatu.

Kijiko alizoea mengi, ila hilo hakulizoea. Aproni ya mama ilikuwa bado nyuma ya mlango wa jikoni, na hakuna aliyeivaa. Siku ambazo wateja walichelewa kufika, aliufukia uso wake humo akavuta pumzi. Harufu ilikuwa ya unga, unga uleule uliojaa nyumba nzima. Hata hivyo alinusa tena, kama mtu anayerudia kutazama sanduku analojua ni tupu.

Siku moja akiwa anapaka mafuta alimsikia mama mdogo akimweleza Mama Redio kwamba mkataba wa dada yake umebakiza chini ya mwaka. Mwenye duka la kona alikuwa ameahidi kuijaribu mikate yao. Akiridhika, angechukua kila asubuhi.

"Hilo likifanikiwa, dada anarudi," mama mdogo alisema. "Tukishindwa, itabidi asaini miaka miwili mingine. Hana njia."

Mkono wa Kijiko ukasimama ndani ya bati. Miaka miwili mingine. Angekuwa amemaliza shule ya msingi, amerefuka, sauti imebadilika, na mama angemkuta mtu mwingine amekaa kwenye kigoda chake.

Kelele zilianza wiki hiyohiyo. Ndani ya oveni, kwenye ukuta wa nyuma, kulikuwa na feni ndogo iliyosukuma hewa ya moto izunguke kila kona, ili mkate wa mbele na mkate wa nyuma iive sawa. Kijiko ndiye aliyeisikia kwanza, kwa kuwa alifanyia hesabu zake pembeni ya oveni. Ililia krii, krii, kama panya aliyebanwa mkia. Akaipiga ubavuni kwa kiganja, ikanyamaza. Kesho yake ikalia tena, naye akapiga kwa nguvu kidogo zaidi.

Jikoni mle, ambamo watu watatu huzungumza kwa mpigo na wa nne huwacheka, nani angesikia feni? Kijiko hakusema. Kichwani mwake mambo yalijipanga kama mikate kwenye trei: akisema, ataitwa fundi, fundi atasema oveni imekwisha, mama ataambiwa, mama atasaini. Basi akawa anapiga na kunyamaza. Mikate ilipoanza kuiva upande mmoja, akawa anafungua mlango katikati na kugeuza mabati kabla hajaambiwa. Mama mdogo akamsifu mbele za watu kwamba mtoto huyu ana bidii za mama yake. Kijiko akainama, akaendelea kupaka mafuta bati alilokwisha kulipaka.

Ijumaa moja, wiki kadhaa baadaye, mama alipiga simu jioni kama kawaida yake. Aliuliza habari za mikate, mama mdogo akasema nzuri. Aliuliza habari za oveni, Kijiko akasema nzima kabisa.

"Na wewe, mwanangu?"

"Mzima, mama. Mzima sana."

Hivyo ndivyo walivyokubaliana na mama mdogo tangu mwanzo: aliye mbali hapewi mzigo asioweza kuubeba. Mama alipewa vicheko na matokeo ya mitihani. Simu ilipokatika, Kijiko alirudi kwenye mabati yake.

Ijumaa iliyofuata ndiyo ilikuwa siku ya mwisho kabla ya kupeleka mikate ya kwanza kwa mwenye duka la kona. Kijiko aliporudi shule alikuta wateja wamesimama kimya. Mama mdogo alikuwa amefungua oveni. Mikate ya nyuma ilikuwa myeusi tii. Ya mbele ilikuwa imelala kama unga uliokandwa sasa hivi. Feni ilikuwa imesimama. Hata Mama Redio alikosa la kutangaza.

Mama mdogo alijitupa juu ya gunia la unga, akajifuta uso kwa kitambaa, akaacha unga kwenye nyusi. Alisema jioni dada yake akipiga atamweleza yaishe, asaini tu. Kijiko alisikia kila neno. Alikuwa amenyamaza ili neno hilo lisisemwe, na sasa limesemwa.

Mama Redio ndiye aliyepata wazo la kumwita Fundi Miwani. Alikuwa mzee wa makamo, mcheshi, ambaye miwani yake ilikaa kwenye paji la uso huku yeye akiitafuta mifukoni. Alibisha hodi akiuliza nani amezima jiko linalolisha mtaa mzima. Kisha mzaha ukaisha, akawa mtu wa kazi. Kwanza alizima umeme wa oveni kwenye swichi kubwa, akachomoa plagi, akawaambia wote wakae mbali mpaka oveni ipoe. Umeme hauna rafiki, alisema, na chuma cha moto hakina haya.

Oveni ilipopoa alitoa rafu, akafungua skrubu za kifuniko cha nyuma, feni ikaonekana. Akajaribu kuizungusha kwa kidole. Ilikuwa ngumu. Akaisogeza oveni kidogo kutoka ukutani, akafungua bati la mgongoni na kuigusa mota kwa kipimo chake cha umeme. Akakaa akiitazama.

"Kipimo kinaniambia mota imekufa," alisema. "Hakiniambii imekufaje."

Akaeleza taratibu. Kama mota ilianza kuchoka polepole, basi imechakaa tu, na kuweka mpya ni kazi ya leo. Lakini kama ilikuwa nzima jana na leo imekufa ghafla, huenda kuna hitilafu mahali kwenye nyaya, na akiweka mpya nayo itaungua. Akauliza ilianza lini.

Mama mdogo akaapa kwamba jana ilikuwa nzima kabisa. Mama Redio naye akaapa, ingawa hakuna aliyemuuliza. Fundi akatikisa kichwa. Basi itabidi aipeleke oveni karakana, aifungue nyaya zote moja moja. Labda wiki mbili, labda mwezi. Akamwomba mama mdogo ashike upande wa pili waitoe.

Waliinyanyua. Chini yake sakafu ilikuwa na mraba wa rangi ya zamani, safi, ambao Kijiko hakuwahi kuuona tangu oveni iletwe. Mraba ule mtupu ulimtisha kuliko kitu chochote.

"Ilikuwa inalia," alisema.

Walimgeukia, oveni ikiwa bado mikononi mwao.

"Siyo leo. Wiki nyingi. Ilikuwa inafanya krii, naipiga hapa, inanyamaza. Ndiyo maana nilikuwa nageuza mabati."

Waliishusha. Mama Redio alifungua mdomo, mama mdogo akamtazama, akaufunga. Fundi aliuliza kama kelele ilizidi siku hadi siku, na kama feni ilichelewa kuanza kuzunguka. Kijiko akajibu ndiyo, yote mawili. Fundi akashusha miwani kutoka kwenye paji, jambo ambalo hulifanya akiwa na furaha, akasema hiyo si hitilafu ya nyaya, ni mota iliyochakaa. Akazipima nyaya mara moja zaidi kuhakikisha, akaandika namba za mota kwenye kiganja chake, akaenda duka la vipuri.

Mama mdogo alimtuma Mama Redio kwa mwenye duka la kona akamwambie ukweli wote, mikate iliyoungua na yote. Alimwambia leo amempa tangazo halali, alitangaze hadi sauti ikauke. Jikoni wakabaki wawili. Kijiko alingoja kofi au matusi. Hakupata lolote katika hayo.

"Kwa nini ulinificha?" mama mdogo aliuliza.

"Mngejua imeharibika, mngemwambia mama asaini."

 Mama mdogo alitazama aproni iliyokuwa nyuma ya mlango, kisha akaangalia pembeni.

Fundi alirudi na mota ndani ya boksi. Mama Redio naye alirudi, akihema, na jibu la mwenye duka: yeye pia ana friji linalomsumbua, anaelewa, walete Jumatatu. Fundi akampa Kijiko spana na kumwonyesha nati iliyoshika feni. Kijiko akaivuta kama nati yoyote. Haikusogea. Akavuta kwa nguvu zote.

"Taratibu, mwanangu," Fundi alisema akimshika mkono. "Nati hii ina njia yake. Inafunguka kule ambako nyingine hufungwa, ili feni ikizunguka isiilegeze. Ukiivuta hivyo unazidi kuibana, na wewe unadhani unaifungua."

Kijiko akageuza upande wa pili. Nati ikalegea kwa mguno mdogo. Fundi alitoa mota ya zamani, akahamisha nyaya moja baada ya nyingine bila kuchanganya, akafunga mpya, akarudisha feni. Alimwachia Kijiko aizungushe kwa kidole. Ikazunguka muda mrefu, kimya, kama inateleza kwenye mafuta. Ndipo vifuniko vyote vikarudishwa, oveni ikarudi mahali pake, na umeme ukawashwa mwisho kabisa. Trei moja ya mikate iliingia. Ilipotoka, Mama Redio alikata ule wa nyuma na ule wa mbele, akatafuta tofauti kwa meno yake mwenyewe, hakuiona, akauliza kama anaweza kutafuta zaidi.

Simu ikalia. Mama mdogo hakupokea. Alimpa Kijiko na kumwambia aseme yote, si ya oveni peke yake.

Mama aliuliza habari za huko. Watu wote husema nzuri kwanza, hata penye msiba, kisha husema "ila," na hapo ndipo habari huanza. Kijiko alisema nzuri. 

"Ila oveni iliharibika, mama. Imetengenezwa leo. Na mimi nilijua zamani, nikaficha." Sauti ikaanza kumponyoka. "Ila na mimi si mzima. Nakukumbuka kila siku. Nanusa aproni yako, haina harufu yako tena."

 Mama alipozungumza, sauti yake ilikuwa nzito. Alisema karatasi ya mkataba mpya iko chini ya mto wake tangu mwezi uliopita, na kwamba alishafika mahali pa kuisaini. Siyo kwa ajili ya mikate.

"Kila Ijumaa nakuuliza, unaniambia mzima sana," alisema. "Nikajisemea, mwanangu ameshazoea kukaa bila mimi. Afadhali nibaki huku nilete kitu, maana hapo nyumbani pengo langu halionekani."

"Linaonekana, mama," Kijiko alisema. "Linaonekana sana."

"Basi sisaini. Mkataba huu ukiisha narudi. Mkate ukiungua tutaula umeungua, lakini tutaula pamoja."

Ilikuwa bado miezi mingi. Kijiko aliihesabu kwa vidole na mkono mmoja haukutosha. Lakini ilikuwa miezi yenye mwisho.

Wageni walipoaga, mama mdogo alimkalisha karibu yake kwenye gunia la unga. Alimwambia hatamchapa, kwa sababu kosa hilo hakulifanya peke yake.

"Ulikuwa unamngoja mama yako huku umemfungia mlango," alisema. "Na mimi mtu mzima nilikuwa nimeshika kitasa. Tulidhani tunamhurumia kwa kumficha. Mtu hawezi kutengeneza asichoambiwa kwamba kimeharibika, awe fundi, awe mama. Kuanzia leo, katika nyumba hii, kinacholia kiachwe kilie mpaka asikie anayeweza kukisaidia."

Kijiko akaitikia kwa kichwa. Kisha akalia, kwa sauti, na mama mdogo hakumwambia anyamaze.