Hamisa na Diski ya Baba

Kila alipotoka shule, Hamisa alivua sare, akafua soksi, akamtekea mama maji ya kupikia, kisha akakaa barazani na daftari lake la hesabu. Kurasa za nyuma hazikuwa na hesabu hata moja. Zilijaa orodha ya vifaa vya kompyuta ya gemu, iliyofutwa na kuandikwa upya mpaka karatasi ikatoboka. Tangu baba yake afariki mwezi wa tatu, nyumba yao ya Tabata ilikuwa kimya, na orodha ile ndiyo iliyomsahaulisha kidogo.

Mama yake, Zubeda, aliuza mashine ya fotokopi ya marehemu, akamtengea bintiye sehemu ya fedha.

"Jenga kompyuta yako, mwanangu. Usome, na hizo gemu zako kidogo. Ila humo ndani nataka diski ya baba yako. Video zake ziko huko tu. Sauti yake sina kwingine pa kuisikia."

Kamugisha, fundi wa kompyuta mwenye kibanda mtaani kwao, aliipitia orodha. Akazungushia duara pawa saplai, kifaa kinachogawa umeme kwa vingine vyote.

"Kasha chukua hata lenye kutu, binti, kasha halichezi gemu. Lakini hapa usibane. Nunua hii niliyokuandikia."

Jumamosi Hamisa alikwenda dukani na Suhaib, anayesoma naye darasa moja. Kadi mbili za picha, zile zinazoonyesha gemu kwenye kioo, zilikuwa kabatini, ndogo na kubwa.

"Na hiyo ndogo, gemu litatembea kama kobe mwenye homa," Suhaib alimcheka. "Punguza kwenye pawa saplai. Kwani nani ataiona?"

"Fundi kaandika hii."

"Fundi ndiye atakayecheza?"

Hamisa akachukua kadi kubwa, pamoja na pawa saplai ya bei ya chini kuliko zote, nyepesi kama boksi la viatu lisilo na viatu.

Jumapili mchana, joto lilikuwa la kuku kutaga mayai ya kuchemsha. Mama alikuwa uani akikuna nazi. Hamisa alimaliza kuunganisha vifaa, pamoja na diski ya baba, kwa kufuata video za simu, akaamua kuonja gemu kabla ya kumwita. Feni zilizunguka, gemu likafunguka. Hazikupita dakika tano, pakasikika mlio mkali, pa! Moshi ukatoka nyuma ya kasha, kioo kikawa cheusi.

Mama alikuja mbio. "Kuna nini?"

"Umeme umekatika, ukarudi kwa nguvu," Hamisa alisema haraka.

Mama hakugomba. Aliichomoa diski, akaifunga kwenye upindo wa kanga yake.

"Basi ameondoka tena," alisema, akarudi uani. Nazi haikukunwa tena siku ile.

Kesho yake jioni waliipeleka kwa Kamugisha. Alipoiunganisha, diski haikutoa hata mlio.

"Ilikuwaje?"

"Umeme ulikatika ghafla," Hamisa alijibu akitazama viatu vyake.

Fundi alikuna kichwa. "Basi tatizo litakuwa ndani kabisa. Wenye vyumba visivyo na vumbi vya kufungulia diski, Mama Hamisa, wanataka bei ya kiwanja Chanika. Mie naweza kuifungua hapa hapa, lakini nisikufiche. Vumbi likiingia, ndiyo mwisho wake."

"Fungua tu," mama alisema. "Nitafanyaje?"

Bisibisi ililegeza skrubu ya kwanza. Ikalegeza ya pili. Ilipogusa ya tatu, Hamisa akaushika mkono wa fundi.

"Usifungue! Umeme haukukatika. Sikununua ile uliyoniandikia. Nilinunua ya bei rahisi, ikatoa moshi."

Mama hakumtazama. Kamugisha aliweka bisibisi chini taratibu.

"Moshi! Hilo ndilo nililotaka kusikia tangu mwanzo."

Alikaza zile skrubu, akaigeuza diski. Akabandua kibao kidogo cha kijani cha saketi kilichokuwa chini yake, akakipima umeme kwa mita.

"Hiki kijidude cheusi ni mlinzi. Umeme ukizidi, kinaungua chenyewe ili vingine vipone."

Akakitoa kwa chuma cha moto, akarudisha kibao. Diski ikaunguruma.

"Sasa haina ulinzi. Tuzihamishe video zote leo leo, kisha ipumzike."

Kwenye kioo akatokea baba, ameinamia mashine ya fotokopi. "Zubeda, acha kunirekodi, karatasi imenasa!"

Mama alicheka. Kicheko kikakatikia njiani, akajifuta macho kwa kanga. Hamisa naye alilia. Kadi kubwa ilikuwa imeungua, na fedha ya nyingine haikuwepo.

"Kununua kitu kibovu si kosa kubwa," mama alisema hatimaye. "Hata mie nimewahi kununua. Lakini Hamisa, fundi anatengeneza kile alichoambiwa. Ulimwambia uongo, na kwa uongo huo alikuwa anamfuta baba yako, mie nimekaa hapa namwambia afungue. Ukiharibu kitu, sema kilivyoharibika. Sema siku ile ile."