Ufunguo wa Lori Lililotelekezwa

Injini ilizimika bila hata kukohoa. Lori lilikuwa likipanda mwinuko wa changarawe katikati ya jangwa, na mara mlio uliojaza masikio ya Rula tangu alfajiri ukakatika kama uzi. Magurudumu yalisaga mawe kidogo, yakatulia. Kimya kilichoingia kilikuwa kizito hata akasikia mafuta yakichezacheza ndani ya tangi.

Madereva wenzake walimwita Rula kwa sababu ya mgongo wake ulionyooka na maneno yake yasiyopinda, naye alilipenda jina hilo kuliko alivyokuwa tayari kukiri.

Aligeuza ufunguo. Stata ilizunguka kwa nguvu. Betri ilikuwa nzima. Lakini taa ndogo ya injini, ambayo huwaka kila ufunguo unapogeuzwa, haikuwaka. Akakagua fyuzi zote, akazikuta salama. Ndipo akapiga magoti upande wa abiria, akafungua kifuniko chini ya dashibodi, akachomoa kisanduku ambacho madereva hukiita ubongo: kompyuta ya injini. Alikinusa. Harufu ya plastiki iliyoungua ilimtosha.

Papo hapo alimjua aliyeiua. Asubuhi, katika gereji ya mwisho kabla ya jangwa, kishikizo cha tangi la mafuta kilikuwa kimepasuka, akakipeleka kwa fundi wa kuchomelea.

"Mzee, nichomoe kwanza waya za betri?" fundi aliuliza.

"Kwa kipande hicho? Piga tu. Nimeanza kuchomelea magari kabla mama yako hajaolewa."

"Hayo yalikuwa hayana ubongo, mzee."

"Na mafundi wake walikuwa hawana mdomo."

Gereji nzima ilicheka, naye alicheka pamoja nao. Sasa umeme wa mashine ile, uliopita kwenye chasi na kuijeruhi kompyuta, ulikuwa umemaliza kazi yake pole pole, joto likiusaidia.

Rula alishuka. Njia aliyoishika ilikuwa ya zamani. Malori mengine yalikwishahamia barabara mpya, ila yeye hakuona sababu ya kuzunguka. Simu haikuwa na mtandao. Maji yalikuwa nusu dumu. Tena hapakuwa na mtu ambaye jioni ile angetazama mlango na kujiuliza mbona hajafika. Mkewe alikuwa ametangulia mbele ya haki, watoto walikwishazoea kutompigia simu, na utingo wa mwisho aliacha kazi kwa sababu, alisema, hata kupiga chafya ndani ya gari lile kulihitaji ruhusa.

Alivuta bati moja kutoka kwenye shehena ya mabati ya paa aliyobeba, akalisimamisha juu ya kebini na kulikaza kwa kamba, lipate kung'aa na kuonekana kwa mbali. Kisha akaketi kwenye kivuli cha gurudumu, akafikiri jambo ambalo kwa miaka mingi alikataa kulifikiri.

Nyuma yake, mwendo wa kutwa kwa miguu, ndani ya korongo kavu, lilikuwako lori jingine. Yeye na mdogo wake waliyanunua malori hayo mawili pamoja, ya aina moja, yametoka kiwandani yakifuatana. Hata namba zilizobandikwa kwenye kompyuta zao zilikuwa sawa. Lile la mdogo wake lilivunjika ekseli korongoni. Mdogo mtu aliokotwa na wachunga ngamia akiwa hajiwezi, na alipopata nguvu alikuja kuweka ufunguo juu ya meza ya kaka yake.

"Kaka, gari limebaki."

"Dereva haachi gari lake."

"Nilikaa, kaka."

"Ungekaa zaidi."

Mdogo wake alisubiri kidogo, kama mtu anayetegemea kuulizwa swali. Hakuulizwa. Akavaa kofia yake, akatoka. Tangu siku hiyo walikutana misibani tu, wakashikana mikono kama wageni. Ule ufunguo Rula aliutia kwenye pete ya funguo zake, ili kila aushikapo akumbuke ni nani kati yao aliyekuwa mwanaume.

Alfajiri alifunga bisibisi na spana katika kitambaa, akajitwika dumu, akageuka kutazama lori lake. Ilimwia vigumu kuliko alivyotazamia. Akakaza moyo, akaliacha.

Alitembea hadi mawe yalipoanza kuchoma kupitia soli. Midomo ilipasuka. Kila alipotaka kunywa alijizuia, akahesabu kwanza miiba ya kichaka kilicho karibu, kisha akanywa funda moja. Mchana alijilaza chini ya mwamba kama mjusi, na jua lilipolegea akaendelea, hata akaona kingo za korongo na mgongo wa lori uliofifia rangi.

Wapitaji walikuwa wamechukua magurudumu na betri. Kompyuta, iliyofichwa chini ya dashibodi, hawakuijua. Alipokuwa akiling'oa bati lililoikinga, ukingo ukamchana kiganja. Akakifunga kwa kitambaa na kuendelea kwa mkono mmoja. Kisanduku kilitoka kikavu, mpira wake bado umekaza. Alisoma namba mara mbili. Zilikuwa zenyewe.

Angeweza kuondoka hapo hapo. Lakini macho yake yaliona mambo mengine, na hayo yalimketisha.

Bomba la rejeta lilikuwa wazi, kikombe cha kukingia maji yake kimelala chini. Sifongo ya viti ilikuwa imetandikwa uvunguni kuwa kitanda. Kando yake palikuwa na shimo lililochimbwa mchangani kutafuta maji, pana la kumtosha mtu; ndani yake kilibaki kifuniko cha gurudumu kilichotumiwa kuwa sepeto, ukingo wake umelika. Rula aliingia shimoni. Lilimfika kifuani. Mvivu hachimbi shimo kama hilo, wala halichimbwi kwa siku moja.

Juu ya kebini, kioo cha pembeni kilikuwa kimefungwa kwa waya kikitazama upande mmoja tu: njia ambayo kaka angetokea, kama angetoka kumtafuta.

Rula alikumbuka siku zile. Alikuwa nyumbani, akiwaambia watu kwamba mdogo wake huchelewa siku zote. Kisha akalikumbuka bati alilolisimamisha jana. Yeye hakulielekeza kwa mtu yeyote, kwa kuwa hakumpata wa kumwelekezea.

Alilala humo korongoni. Kesho yake, alipokuwa akirudi, upepo ulimkuta njiani. Vumbi lilifuta nyayo zake, vilima vikatoweka. Alijikunja juu ya kisanduku akikikinga kwa kifua, mchanga ukimjaa masikioni, akalilinda dumu katikati ya magoti. Upepo ulipopita hakujua mbele wala nyuma. Maji yalikuwa yamebaki ya kulowesha ulimi.

"Usitembee," alijiambia kwa sauti. "Kaa."

Akakaa. Hapakuwa na mtu wa kumwona na kumsifu. Jua lilipozidi kuteremka, upande asioutegemea kabisa, kitu kikametameta, kikazimika, kikametameta tena. Lilikuwa bati lake.

Alifika akitambaa zaidi kuliko kutembea. Akaunganisha kompyuta kwa mkono uliokuwa mzima. Lakini alijua kwamba ubongo huo ungekataa ufunguo wake; ulimtambua bwana mmoja tu, kwa chipu ndogo iliyofichwa ndani ya ufunguo wa mdogo wake. Na ufunguo huo haukuweza kuingia katika swichi ya lori hili. Basi akaufunga kwa utepe kando kabisa ya tundu la swichi, kompyuta ipate kuuhisi, akatia wake ndani, akageuza.

Taa ndogo ya injini iliwaka. Stata ikalia, na lori likanguruma.

Rula aliegemeza paji la uso kwenye usukani, kisha akatia gia.

Hakuupeleka mzigo kwanza. Aliegesha mbele ya nyumba ambayo hakuwahi kuikanyaga, akabisha hodi. Shemeji yake alifungua, akamwangalia kuanzia viatu hadi midomo.

"Shemeji. Umepotea njia?"

"Nilipotea. Mwenyewe yupo?"

Mdogo wake alitokea nyuma yake, kichwa kimejaa mvi. Hawakusalimiana.

"Nimeliona shimo," Rula alisema. "Limenifika kifuani."

Mdogo wake alitazama chini. "Mimi lilinifika shingoni. Mchanga umelirudia."

"Ningekuja kukutafuta, ungeniona."

"Ningekuona mbali sana, kaka. Kioo nilikisafisha kila asubuhi."

Shemeji alirudi ndani taratibu, akawasogezea jagi la maji mlangoni. Rula alikunywa. Nje, lori liliendelea kunguruma.

"Mbona hujazima?" mdogo wake aliuliza.

"Kompyuta yako ndiyo inayoliendesha. Ufunguo wako uko pale kwa utepe. Nikizima naogopa halitawaka."

"Litawaka. Lile langu halikuwahi kunigomea kuwaka."

Mdogo wake alichukua kofia iliyotundikwa nyuma ya mlango. Rula alitangulia, akaupita mlango wa dereva, akazunguka upande wa pili, akapanda kwenye kiti cha abiria.