Figo ya Bibi Harusi

– Dada Mhoja, majibu yako yametoka. Unalingana na mama mkwe, kama anavyolingana kaka Rwehumbiza. Sasa mmeamua nani atoe figo?

Nesi aliuliza kawaida tu, kama anauliza nani ataleta uji. Mhoja, mwalimu wa sekondari Buhongwa, akashusha simu. Jamani, si Rwehumbiza, mchumba wake, alilia mwezi mzima kwamba hakulingana na mama yake? Si ndiyo maana harusi ikaharakishwa, kwa vile hospitali inataka mtoaji awe ndugu, na mke ni ndugu? Na Mhoja kwa kupenda akakubali, hadi kila jioni anakuja hapa kwao Rwehumbiza, Mkolani, kumwogesha mama mkwe.

– Rwehu, uliniambia hulingani.

Rwehumbiza, mtaalamu wa maabara, aliyekaa naye pale sebuleni, hata hakubabaika. Akashusha somo: utafiti umeonyesha mtu anaishi vizuri na figo moja, mama bila figo anakufa, kwa hiyo asiyetoa ana kosa. Hiyo si dini wala mila, ni sayansi.

– Mbona hiyo sayansi haikukuona wewe?

– Nilipima faida. Mimi nitaokoa wagonjwa wengi. Wewe hasara yako ni ndogo. Usichukulie vibaya, ndiyo ukweli.

Wee! Jikoni sato aliyenunuliwa Igogo alikuwa anaungua, na hakuna aliyenyanyuka.

– Kipimo kimesema figo yangu inafaa, Rwehu. Hakijasema unidanganye. Hilo umeamua mwenyewe.

– Kwa hiyo unamuua mama?

Pazia la chumbani likasogea. Ma Specioza, mama yake Rwehumbiza, alikuwa amesimama, miguu imevimba, kashika ukuta. Kumbe kasikia yote.

– Rwehumbiza, ulinililia magotini kwamba hulingani.

Mtaalamu akaweka utafiti pembeni.

– Basi mama, nitatoa mimi. Kesho asubuhi tunaenda.

– Ya kwako siitaki.

– Mama, utakufa.

– Nimesikia.

Mama hakumtazama tena. Akamnyooshea Mhoja mkono. Mhoja akavua pete, akaiacha juu ya meza, akamshika mama taratibu hadi kitandani. Akamfunika kitenge. Alitaka kusema yeye bado atatoa, na alikuwa anamaanisha, ila mama akamuwahi.

– Na ya kwako siichukui, mwanangu. Nenda ukaolewe na mtu.