Saa Mbili Kutoka Dar es Salaam

Ndelilio hakuwa na sweta. Hakuwa na kiberiti wala panga, na kiatu chake cha kushoto kilikuwa kimemezwa na msitu wa mlimani. Hakujua jua liko upande gani, maana ukungu wa Julai ulifunika kila kitu. Alikuwa amezaliwa kwenye mlima huohuo, lakini miaka ishirini ya kutengeneza friji za chanjo Dar es Salaam ilikuwa imemsahaulisha mengi.

"Kilomita mia nne na hamsini kwa anga," rubani Aristides alikuwa amemwambia walipopaa. "Basi linakula siku nzima. Mimi saa mbili tu, unakunywa chai kwa mama yako kule Kirua."

Saa mbili ziliwaishia ndani ya wingu. Injini ilikohoa, ikanyamaza, miti ikapasua mabawa ya kile kindege. Aristides alivunjika paja. Ndelilio alimfunga kwa mkanda na vipande vya kiti, wakasubiri kutwa wasisikie mtu, wakalala wamekumbatiana kwa baridi.

Kulipokucha rubani alivua kiatu kimoja. "Chukua. Mimi siendi popote. Kitakupwaya, usilalamike."

"Nielekee wapi?"

"Fuata maji, yanashuka kwa watu. Urudi kabla ya giza, kaka. Usiku mwingine wa hivi siuwezi."

Mwendo wa saa moja chini kando ya mto, Ndelilio aliruka handaki jembamba, kavu, lililokatiza mteremko. Akadhani ni njia ya nyati. Akaufuata mto hadi mchana, miiba ikimchana mikono, mpaka ardhi ikakatika mbele yake na mto ukaporomoka korongoni. Hapakuwa na pa kushika. Alirudi juu kwa kutambaa.

Alipofika tena kwenye handaki lile, lilikuwa na maji.

Yalikuwa ya tope, yamebeba majani makavu. Mtu alikuwa ameyafungua punde. Ndelilio alisimama kama aliyepigwa kofi. Ule ulikuwa mfongo, mfereji wa wazee unaofunguliwa kwa zamu. Akiwa na miaka minane aliuzibua na baba yake. Mto unakwenda kwenye maporomoko. Mfongo unakwenda kwenye migomba ya mtu.

Aliufuata mbio. Saa moja baadaye alimkuta mwanamke mmoja, Mama Mektrida, akikata majani ya ng'ombe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. We ni mtu au mzimu? Viatu vya watu wawili!"

"Mwenye hiki yuko huko juu, ameumia. Niitie watu, waje na blanketi."

Mama alitupa mundu, akapiga yowe.

Walimfikia Aristides jua likizama. Mzee Primus, mmoja wa waliokuja, aliingiza mkono kwapani mwa rubani, akautuliza hapo.

"Bado ana joto," alisema, kisha akavua kofia. "Tumechelewa kidogo tu."

Mwezi uliofuata ilikuja barua ya mjane, Violet. Aliuliza jambo moja: mume wangu alikufa papo hapo?

"Mwandikie ndiyo," mama yake Ndelilio alisema. "Mwache mwenzio alale."

Ndelilio aliandika: "Shemeji, hapana. Aliishi siku mbili, na alinivisha kiatu chake. Kutoka pale hadi nyumba ya kwanza ni saa mbili kwa miguu. Mimi, mwana wa hapa, niliuruka mfereji wa kwetu nikapoteza kutwa nikifuata mto. Kiatu ninacho. Ukikitaka nitakuleta mwenyewe."

Alikuwa ameandika "nitakuleta"; akakata, akaandika "nitakuletea". Akailamba bahasha, akaibana kwa kiganja mpaka gundi ikashika, akateremka Moshi kuitia posta.