Kidole cha Shahada

“Futa hilo neno.”

“Sifuti, dada. Huyu mtu amekufa.”

“Kwenye wasifu wangu hafi mtu. Futa!”

Tulianza kubishana hata taa za barabarani hazijawaka. Dada alikuwa anaomba kazi ya kufundisha chuo kikuu, na wasifu wake ulitakiwa uwe kwenye ukurasa wake wa mtandaoni usiku uleule. Mimi ndiye niliyekuwa nachapa. Wakati huo nilichapa kwa vidole vyote kumi. Yeye alikuwa amepaka kucha rangi nyekundu kwa ajili ya picha, hazijakauka, akawa anapunga mikono kama anayefukuza nzi.

Niliacha shule kidato cha pili ili ada ibaki ya mtu mmoja. Akaniahidi: nikipata kazi, unarudi darasani. Kwa hiyo nilichapa kwa moyo wote. Elimu. Tuzo. Machapisho. Mpaka nikafika kwa wadhamini, watu watakaoulizwa habari zake. Wa mwisho alikuwa Mwalimu aliyesimamia utafiti wake. Jina lake nililinakili kutoka kwenye shukrani za tasnifu, likaja na neno lake mbele.

Marehemu.

“Si umweke mwingine?”

“Nani? Walio hai hawanipendi.” Akacheka. “Huyu hawezi kukataa.”

“Wakimpigia?”

“Atapokea nani, funza? Acha ushamba, wewe.”

Niliondoa mikono kwenye kibodi. Dada akakikamata kidole changu cha shahada, akakikandamiza kwenye kitufe cha kufutia.

“Ndiyo shahada pekee utakayoipata,” alisema. “Itumie.”

Herufi zikarudi nyuma moja moja. Mare... Ma... Kompyuta yetu huwa inachemka kama pasi, lakini kitufe kile kilikuwa cha baridi. Baridi ya kitu kilichokaa chini sana.

Ukurasa ukapanda mtandaoni.

Kwanza ikaja harufu. Vumbi la chaki... na udongo uliochimbwa sasa hivi.

Halafu, pembeni ya jina la Mwalimu, kikawaka kidoti cha kijani.

“Dada... yupo hewani.”

“Mtandao huo, unasumbua.” Lakini mikono yake ilikuwa imeacha kupunga.

Ujumbe ukaingia.

*Nani amefuta?*

“Usijibu,” alinong’ona.

Nje, mwisho wa korido, mtu akakohoa. Kikohozi kikavu, cha kusafisha koo. Dada akafumba macho.

“Alikuwa anakohoa hivyo kabla ya kuingia darasani.”

“Alikufaje, dada?”

Akafumbua macho, akazitazama kucha zake.

“Alikufaje?”

“Alikataa kunisainia tasnifu.”

Basi. Na mimi jioni ileile nilikuwa nimeiona tasnifu yake, na saini ya Mwalimu chini, ya wino mwekundu.

Tk. Tk.

Si kugonga kwa mkono. Ni mfuniko wa kalamu, juu ya mbao za mlango wetu.

Ujumbe mwingine. *Nani amefuta?*

Dada alinitazama. Nimekulia mgongoni kwake, nyuso zake zote nazijua, lakini ule sikuwahi kuuona. Alikuwa ananipigia hesabu.

“Dada, mimi ni mdogo wako...”

Akanikamata kifundo cha mkono. Nilivuta, nikajishikiza mezani, meza ikaja nami. Rangi ya kucha zake ikanichora ngozi mistari myekundu, kama daftari lililosahihishwa. Akazungusha kitasa.

Korido ilikuwa giza. Sikuona mtu. Lakini harufu ilisimama pale kizingitini, ndefu kuliko mlango... ikisubiri.

Dada akanikunjua ngumi, akakinyoosha kidole changu kuelekea gizani.

“Shikamoo, Mwalimu,” alisema, kwa ile sauti tamu aliyokuwa akiifanyia mazoezi ya usaili. “Kilichofuta ni hiki.”