Mvua ya Kule Juu

Cherehani ya mshonaji ilikaa karibu na mlango, mahali penye mwanga. Mama mkwe wake alikaa dirishani. Hapo ndipo alipokaa tangu avunjike nyonga. Miezi yote hiyo alikuwa akitazama ukuta wa jirani, na ukuta wa jirani, jamani, hauna jipya.

"Mwanangu," bibi alisema siku moja, "nimechoka kuhesabu matofali. Nipelekeni mtoni. Nataka nitie miguu kwenye maji na nipigwe na upepo. Nikifa na hamu hii nitarudi kuwasumbua."

"Usiseme hivyo, Mama," mshonaji alijibu huku akicheka. Lakini maneno yale yalimwingia. Tangu aolewe, mama mkwe huyu hajawahi kumwonea hata kidogo. Alimpenda kama mama aliyemzaa. Akaapa moyoni kwamba bibi atafika mtoni.

Mumewe alikuwa fundi wa kuchomelea milango na madirisha ya chuma. Alikuwa mtu mwema na mchapakazi, ila alikuwa na ugonjwa mmoja. Hakukuwa na jambo asilolijua. Ukimwambia chai ni ya moto, atasema "Najua," kisha ataungua ulimi.

Jumamosi wakajiandaa. Wakafunga mkate, mayai ya kuchemsha, machungwa na chupa ya chai. Binti yao akachukua taulo. Fundi akamkalisha mama yake kwenye gari la kukodi, akaweka kiti cha plastiki nyuma.

Getini wakakutana na jirani wa mlango wa pili. Mwanamke huyu alifanya kazi katika ofisi ya maji. Mtoni kuna nguzo yenye namba, na kazi yake ilikuwa kuisoma kila siku ili ijulikane maji yamepanda au yameshuka. Watu walimwita Mpima Mto.

"Mnakwenda kupunga upepo? Vizuri sana," alisema. "Lakini milimani kumefunga wingu tangu alfajiri. Msivuke kwenda kwenye ule mchanga wa katikati. Kaeni ukingoni, tena juu."

"Najua, shemeji," fundi alijibu. Akatazama juu. "Mbona hakuna hata wingu? Mto huu nimeuogelea tangu sina meno."

"Wewe unaujua mto. Na mto unakujua wewe?" Mpima Mto aliuliza.

Wakacheka wote, gari likaondoka.

Mto ulikuwa mpana, lakini maji yalikuwa machache. Katikati palikuwa na mchanga mweupe, safi, wenye kivuli cha mti mmoja mfupi. Ukitoka ukingoni kwenda pale, unavuka kijito cha maji ya kifundo cha mguu. Nani angeuacha mchanga ule akakae kwenye majani ya ukingoni? Fundi akambeba mama yake mgongoni, akavuka naye. Akaweka kiti pembeni mwa maji. Bibi akatumbukiza miguu.

"Ahaa!" alisema, akafumba macho. "Sasa nimepona."

Mshonaji aliona raha hata machozi yakamlengalenga. Wakala, wakanywa chai. Fundi akasimulia jinsi alivyopiga mbizi utotoni, na mama yake akamkumbusha kuwa siku hiyo alirudi nyumbani akilia, bila kaptula.

Binti alikuwa akiokota vijiwe. Ghafla akauliza, "Mama, mbona maji yamekuwa kama chai ya maziwa?"

Mshonaji akatazama. Kweli, maji yalikuwa na rangi ya udongo. Majani makavu na vijiti vilikuwa vikipita na povu.

"Na miguu yangu inazama," bibi alisema. "Au ni mimi ninayerefuka?"

"Ni upepo tu umeyatibua," fundi alisema. "Nayajua maji haya."

Mshonaji akakumbuka maneno ya getini.

"Baba watoto, mbebe Mama. Sasa hivi!"

"Ngoja tufunge vyombo kwanza."

"Acha vyombo! Mbebe Mama!"

Fundi alikuwa hajawahi kusikia sauti ile nyumbani kwake. Akainama, akambeba mama yake. Kijito cha kifundo cha mguu sasa kilifika magotini, na kilikuwa kikivuta. Mshonaji alimshika binti kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine akashika mkanda wa mumewe. Kila hatua mchanga ulikimbia chini ya nyayo zao. Bibi alimkumbatia mwanawe shingoni na kuomba Mungu kimya kimya.

Wakafika ukingoni, wakapanda. Fundi akamweka mama yake kwenye majani. Kisha, amini usiamini, akageuka.

"Kiti! Na ile chupa mpya ya chai!"

Mshonaji akamdaka shati kwa nyuma hadi vifungo vikaruka. "Chupa inauzwa dukani," alisema. "Mume hauzwi!"

Hapo hapo maji yakaja. Yalikuja kwa kishindo, yamebeba magogo. Kiti kikazunguka mara moja, kikaenda zake. Mchanga wote ukafunikwa. Na juu, jua lilikuwa linawaka vile vile. Hakuna hata tone moja la mvua lililowaangukia.

Walirudi nyumbani. Mlangoni fundi akatangaza sheria mpya.

"Kuanzia leo, mto basi. Hakuna mtu wa nyumba hii atakayekanyaga kule."

Bibi akarudi dirishani. Hakulalamika, na hilo ndilo lililomuuma mshonaji zaidi. Chakula alikigusagusa tu. Akiulizwa, anasema ameshiba. Siku zikapita, mshonaji akaona kuwa hivi haifai. Walikosea mara moja, sawa. Lakini ndiyo bibi azeekee ukutani kwa kosa ambalo si lake?

Akaenda kumwita Mpima Mto.

"Shemeji," Mpima Mto alimwambia fundi uani, "mvua ikinyesha, maji ya paa hili yanatokea wapi?"

"Kwenye mdomo wa mfereji, pale pembeni. Si nimeufunga mwenyewe?"

"Mtu akimwaga ndoo ya maji kwenye mwisho ule mwingine wa paa, wewe ukiwa chini ya mdomo wa mfereji, utamwona?"

"Sitamwona."

"Utalowa?"

Fundi akatazama paa. "Si mbali sana kule?"

"Jaribuni!" bibi alisema kwa sauti kutoka dirishani.

Mshonaji hakungoja aambiwe mara mbili. Akaweka ngazi mwisho wa nyumba, akapanda na ndoo iliyojaa maji. Fundi akasimama chini ya mdomo wa mfereji, mikono kiunoni.

"Tayari nimemwaga!" mshonaji alipaza sauti.

"Mbona hakuna ki..." fundi alianza kusema. Maji yakamshukia utosini, mwaa, yakamwingia hadi kinywani.

Binti akagaagaa chini kwa kicheko. Bibi alicheka mpaka akajishika mbavu. Ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka tangu siku ile.

"Kumbe yanachelewa," fundi alisema, akijipangusa uso.

"Yanachelewa, na hapo ndipo watu wanapofia," Mpima Mto alisema. Sasa hakuwa akicheka. "Mto ni huo mdomo wa mfereji. Paa lake ni ile milima, na mashamba yote yanayouinamia. Eneo lote hilo tunaliita bonde la mto. Tone likianguka popote mle ndani, linateremka hadi mto huu mmoja. Inawezekana mvua kule imeshakatika. Ninyi huku mnamenya machungwa juani, na maji yako njiani."

Fundi akasema neno ambalo mkewe hakutegemea kulisikia. "Shemeji, nilisema najua. Sikujua. Nilikaribia kumzamisha mama yangu."

"Ni wengi wanaotazama mbingu ya hapo walipo," Mpima Mto alijibu. "Mlifanya vema kuacha vyombo."

"Kwa hiyo nilifanya vizuri kuukataza mto?" fundi aliuliza.

"Hapana. Mto una raha zake. Jifunzeni kuusoma tu. Kabla ya kutoka, ulizieni hali ya kule juu. Sikilizeni redio, pigieni simu mtu wa huko, au niulizeni mimi. Mkifika, kaeni juu, upande ule ule wa njia ya nyumbani, ili msiwe na maji ya kuvuka. Chomekeni kijiti pale maji yalipoishia, mkitazame mara kwa mara."

"Na maji yakibadilika rangi?" mshonaji aliuliza.

"Rangi ikibadilika, au majani yakianza kupita, au mkisikia ngurumo, hakuna mjadala. Pandeni juu, mbali na mto. Msikimbie kufuata ukingo, maji yatawashinda mbio. Na vitu viacheni."

"Tukikuta yameshatuzunguka?"

"Msijitose. Nendeni mahali palipoinuka zaidi hapo mlipo, mpige kelele na simu. Siku ile mlibahatika tu. Maji ya magotini yakienda kasi yanamwangusha mwanamume mwenye nguvu zake."

Fundi alikuwa mtu wa vitendo. Alipokubali jambo, mikono ilianza kumwasha. Alifuatana na Mpima Mto hadi mtoni. Huko akaonyeshwa miti yenye takataka na nyasi kavu zilizonasa kwenye matawi, juu ya kichwa chake.

"Mafuriko makubwa yalifika pale," Mpima Mto alisema. "Kwa hiyo wewe kaa juu zaidi ya pale."

Ofisi ya maji ikampa ruhusa. Fundi akachomelea benchi la chuma lenye egemeo, akalisimika kwa zege juu kabisa ya ukingo, karibu na njia. Chini, pembeni mwa maji, akasimika nguzo. Sehemu ya chini akaipaka rangi nyeupe, ya juu nyekundu. Nyeupe ikizama yote, watu waondoke.

Siku ya kwenda ilipofika, fundi mwenyewe ndiye aliyegonga mlango wa pili kuuliza.

"Kule juu mawingu yapo," Mpima Mto alimwambia. "Benchini nendeni. Majini asishuke mtu kucheza, na macho yawe kwenye nguzo."

Bibi akakaa kwenye benchi lake kama malkia. Maji yalikuwa bado safi na yametulia. Fundi akateka ndoo moja upesi, akapanda nayo, akaimimina kwenye beseni. Bibi akatumbukiza miguu.

"Haya ndiyo maisha," alisema. "Mto umenifuata mwenyewe."

Kwenye mchanga wa katikati kulikuwa na familia nyingine. Baba alikuwa amelala chali, watoto wawili wakirushiana mpira. Fundi alikuwa ameshawaita mara moja, wakampungia mkono tu.

"Baba!" binti alisema. "Nyeupe imekwisha!"

Wote wakatazama. Nguzo ilibaki nyekundu tupu, na maji yalikuwa ya rangi ya udongo. Fundi akaruka, akashuka hadi katikati ya ukingo. Akapaza sauti kama anayeita watu kuzima moto.

"Tokeni! Mto unajaa! Tokeni!"

"Mbona jua linawaka?" yule baba alijibu.

"Jua ni la huku! Mvua ni ya kule juu! Beba watoto, acha vitu!"

Yule baba akatazama mpira wa mwanawe. Ulikuwa unaelea, unaenda kasi. Hakuuliza tena. Akabeba mtoto mmoja, mkewe akabeba mwingine, wakavuka kijito kikiwa bado hakijafika magotini. Fundi na mshonaji waliwapokea mikono, wakawavuta hadi juu. Hawakuwa wamepata hata pumzi maji yalipokuja na magogo yake. Mchanga ukapotea.

Mama wa wale watoto alikaa chini, akawakumbatia wote wawili, akalia kwa sauti. Mshonaji akakaa karibu naye, naye akalia. Alijua kilio kile.

"Ndugu yangu," yule baba alimwuliza fundi, "ulijuaje?"

"Niliambiwa," fundi alisema.

Bibi akasogea kwenye benchi, akapapasa nafasi pembeni yake. "Njooni mkae, wanangu. Chai ipo. Wapeni watoto mayai."

Wakabanana hapo. Chini yao mto ulinguruma, ukapita na mambo yake. Bibi akayatazama maji ya kwenye beseni lake, akachezesha vidole.

"Maji yangu yameanza kupata joto," alisema. "Lakini leo asishuke mtu kuniletea mengine. Tutakuja Jumamosi ijayo."