Mkwaruzo wa Mlangoni

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Chiriku alimsaidia mama yake kupanga mikate kwenye kreti. Jina hilo la utani alipewa na mama mwenyewe, kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Mikate ikishapangwa walisubiri gari la kukodi, ambalo kazi yake ilikuwa kuchelewa, na wenye maduka wakanuna. Ndiyo maana mama alijinyima mpaka akapata uwezo wa kununua gari lake dogo la mizigo. Alisema pesa zikibaki, watatengeneza na tanuri lao la mikate lililoanza kupasuka.

Siku ya kulinunua, kwenye duka la magari, Chiriku alilizunguka gari jeupe kwa furaha. Alipojipenyeza kati yake na gari lililokuwa kando, kifungo cha chuma cha mkoba wake kikasugua mlango. Akageuka, akaona mstari mwembamba kwenye rangi. Akaondoka hapo haraka.

Mezani, mama na kijana muuzaji walikuwa wakivutana.

"Mwanangu, hiyo ni bei au unanifukuza?"

"Mama, hapo nimeshashuka. Nikizidi, bosi atanila mzima mzima!"

Mama akainuka kuliangalia gari tena. Alipofika mlangoni akasimama. "Na huu mkwaruzo? Ndilo gari jipya hili?"

Kijana akapigwa na butwaa. Akausugua mstari kwa kidole, haukutoka. "Basi, mama," akasema kwa unyonge, "nitakupunguzia kama ulivyotaka."

Mama akamgeukia bintiye, uso umechangamka. "Umesikia? Tanuri hilo! Mbona leo umemeza ulimi?"

Chiriku alitamani ardhi ipasuke. "Ni mimi, mama. Ni mkoba wangu huu. Nisamehe."

Kijana akashusha pumzi. "Ahsante sana, mdogo wangu. Mimi ndiye niliyelikagua gari hili. Punguzo hilo lingekatwa kwenye mshahara wangu."

Mama akamgeukia kijana. "Rudisha bei yako, mwanangu. Na kuung'arisha mlango nitalipa mimi."

"Usilipe, mama. Fundi wetu ataung'arisha, na servisi ya kwanza ni bure."

"Na mazulia ya ndani?"

"Mama! Hata shati hutaniachia?"

Wote wakacheka, na mazulia wakapewa.

Tanuri halikutengenezwa mwezi ule. Lakini asubuhi ya kwanza ya gari jipya, mikate ilifika madukani ikiwa bado ya moto. Kisha mama akasimamisha gari mbele ya shule, akamshika Chiriku mkono.

"Nakushukuru, mwanangu. Bila wewe ningeondoka nikichekelea, kumbe nimemlipisha mtoto wa mwenzangu kosa letu. Ukikosea, sema mapema, kabla mwingine hajakubebea mzigo wako. Tanuri tutalitengeneza tu."

Chiriku akatabasamu kwa furaha. Akashuka na kufunga mlango taratibu, mkoba ameukumbatia kifuani.